Woinshet Beyene na Fungu Lililoitwa Endesha

Waheshimiwa mapadri, wazee wa chama chetu cha mazishi, majirani wa Kotebe, wafanyakazi wenzake, na ninyi mliotoka Debre Birhan kwa basi la alfajiri, familia ya marehemu Mzee Beyene Wolde na familia ya Mwalimu Kifle Zewdu zinawashukuru kwa kufika, na zinaomba, kabla jeneza halijashushwa, mtulie kidogo msikie maisha ya mpendwa wetu Woinshet Beyene, kama tulivyoyakusanya kwa mama yake, kwa mumewe, kwa watoto wake na kwa watu aliofanya nao kazi.

Woinshet alizaliwa tarehe 8 mwezi Hidar 1968, kwa kalenda yetu ya Ethiopia, mjini Debre Birhan, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mablanketi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Beyene Wolde, fundi wa mashine za kusokota sufu, na Mama Askale Teferi, ambaye yupo nasi hapa, na ambaye kwa miaka thelathini alioka mikate ya injera ya kuuza ili watoto wote watano wasome. Alibatizwa siku ya themanini, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kike, na mama yake anasema alikuwa mtoto asiyelia sana lakini asiyelala pia, alikuwa akilala macho wazi akiangalia watu wanavyopita.

Alianza darasa la kwanza mwezi Meskerem 1975, akamaliza darasa la kumi na mbili mwaka 1986, na katika mtihani wa taifa akapata alama ambazo mwalimu wake wa hesabu alizibandika mlangoni kwake mpaka karatasi ikageuka rangi. Mwaka 1987 aliingia chuo kikuu hapa Addis Ababa kusomea hesabu, akamaliza Hamle 1990, akasoma tena mwaka mmoja masomo ya kompyuta jioni huku mchana akifundisha, na tarehe 3 Tikimt 1992 aliajiriwa na Bwana Lemessa Gudeta, aliyekuwa na ofisi ndogo ya kutengeneza programu karibu na Arat Kilo, juu ya duka la vioo. Hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote.

Programu, kwa sisi ambao hatukuisomea, ni maagizo yanayoandikwa mstari kwa mstari ili kompyuta iyafuate, na maagizo hayo hugawanywa katika mafungu, kila fungu na jina lake, ili anayelihitaji aliite kwa jina tu bila kuyaandika upya yaliyomo. Mwaka 1996 ofisi ilipata kazi ya kutengeneza programu ya akiba za damu katika hospitali za mikoani, na Woinshet, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na nane, ndiye aliyepewa kuandika fungu la kupokea chupa za damu, kuhesabu siku zake na kuzitoa wodini. Siku alipolimaliza lilikuwa na mistari arobaini na sita, na akalipa jina Endesha, kwa sababu lilikuwa likiendesha kila kitu, na wakati huo hakuona ubaya wowote katika jina hilo.

Tarehe 15 Tir 1997, siku ya Jumapili, alifunga ndoa na Kifle Zewdu, mwalimu wa jiografia, katika kanisa hilihili tulilosimama uani kwake, na Mungu akawajalia watoto wawili, Abenezer, aliyezaliwa tarehe 4 Hidar 1998, na Meaza, aliyezaliwa tarehe 27 Megabit 2000. Mwalimu Kifle anakumbuka kwamba siku ya harusi simu ya nyumbani kwa mjomba ililia mara mbili, na mara zote mbili alitakiwa bibi harusi, na akaenda kusimama ukutani na vazi lake jeupe, akimwelekeza mtu wa hospitali abonyeze nini, huku wapiga ngoma wakimsubiri, na mjomba akawaambia wageni, “Kuleni jamani, bwana harusi tunaye, bibi harusi yuko kazini.”

Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu Endesha lilizidi kukua na aliyelijua alikuwa yeye peke yake. Hospitali moja ikitaka chupa za watoto zihesabiwe mbali, aliongeza mistari humo humo, nyingine ikitaka damu ya ndugu isitolewe kwa mgonjwa mwingine, akaongeza humo humo, na kila mara alikuwa na haraka, na kila mara lilifanya kazi, hata ilipofika mwaka 2003 fungu lile lilikuwa na mistari elfu moja mia moja thelathini na saba, na mtu akitaka kulisoma kutoka juu hadi chini alisahau la juu kabla hajafika chini. Hata yeye alikuwa ameanza kusahau, na alikuwa bado hajajua kwamba amesahau.

Kama tunavyojua sote, mwezi wetu wa kumi na tatu, Pagume, una siku tano, na kila mwaka wa nne una siku sita. Woinshet alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na katika mstari wa mia mbili na kumi na nne wa Endesha alikuwa ameliandika sawasawa. Lakini miaka miwili baadaye, akiwa mbali sana huko chini kwenye mstari wa mia nane sabini na moja, alihitaji tena kuhesabu siku za Pagume, na kwa kuwa hakukumbuka kwamba alikwishazihesabu huko juu, akaandika hesabu nyingine, na siku hiyo, kwa uchovu au kwa haraka, aliandika siku tano tu.

Tarehe 6 Pagume 2003, mkesha wa Mwaka Mpya, mhudumu wa akiba ya damu wa hospitali moja ya mkoani alifungua kompyuta asubuhi, na programu, ambayo upande mmoja iliambiwa leo ni siku ya sita na upande mwingine ikaambiwa siku hiyo haipo, ilikosa kujua imefika wapi, ikahesabu mwaka mzima juu ya kila chupa, na ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba chupa zote kumi na tisa zilikuwa zimeisha muda. Damu ya akiba hukaa siku thelathini na tano, na mhudumu alikuwa amefundishwa kutii maandishi mekundu, akatii, chupa zikapelekwa kuteketezwa. Kesho yake, tarehe 1 Meskerem 2004, watu wakiwa wamebeba maua ya njano ya Mwaka Mpya mikononi, mwanamke aliyeitwa Yeshihareg alijifungua salama mtoto wa kiume, kisha akatokwa damu, na katika akiba hakukuwa na hata chupa moja. Muuguzi mmoja na mlinzi wa geti walijitolea kutoa yao palepale, lakini alifariki saa kumi alasiri. Madaktari walisema kwamba alikuwa amepoteza nyingi mno, na kwamba huenda hata damu ingekuwepo asingepona. Woinshet alilisikia neno hilo huenda, na watu wa nyumbani kwake wanajua kwamba hakulitua tena.

Alilisahihisha kosa siku hiyohiyo, kwa kubadili namba moja katika mstari mmoja, kisha akapanda basi peke yake akaenda msibani. Alikaa na wanawake katika hema la maombolezo siku mbili bila kusema yeye ni nani, na siku ya tatu akamfuata mume wa Yeshihareg, Bwana Gizachew, mwenye mashine ya kusaga nafaka, akamweleza yote, mstari kwa mstari, kama alivyoyaeleza baadaye kwa mumewe. Bwana Gizachew alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, “Mimi hizo kompyuta sizijui, dada yangu. Hapo mahali ulipokosea, nani mwingine anapajua?”

Akamjibu, “Ni mimi tu.”

“Na humo ndani hakuna pengine kama hapo?”

Woinshet alikuwa akisimulia kwamba alifungua mdomo aseme hapana, akashindwa, kwa sababu hakuwa na hakika.

Bwana Gizachew akamwambia, “Basi mimi sikulaani. Lakini wewe ukifa, watu wote hao watakuwa wameachwa na kitu ambacho hakuna anayekijua. Hilo ndilo unipe jibu lake, si leo, utakapolipata.”

Aliporudi Addis alimwendea Bwana Lemessa, akaomba miezi sita alivunje Endesha na kuligawa katika mafungu madogo ambayo mtu yeyote angeweza kuyasoma, na Bwana Lemessa, ambaye hakuwa mtu mbaya na ambaye leo amebeba jeneza hili kwa bega lake, alimwambia, “Woinshet, kosa umeshaliondoa. Hospitali kumi na mbili zinakula kwenye sahani hiyo, wewe unataka kuipasua ili uone udongo wake? Kitu kinachofanya kazi hakitiwi mkono.” Alipoona hanyanyuki kitini akaongeza, “Haya, kata, lakini kwa saa zako mwenyewe, na hakuna hata mstari mmoja utakaoingia hospitalini mpaka unionyeshe kwamba hakuna kilichovunjika.”

Saa zake mwenyewe zilikuwa chache, kwa kuwa alikuwa na watoto wadogo, lakini Woinshet alikuwa akifunga Jumatano na Ijumaa, na siku hizo hakuonja kitu mpaka saa tisa alasiri. Hivyo wenzake waliposhuka kula saa sita, yeye alibaki mezani na saa moja tupu, na akaamua kwamba kila siku ya kufunga atalikata fungu moja, moja tu, na kabla ya saa saba alipitishe kwenye madaftari ya zamani ya hospitali, miaka mitatu ya chupa zilizoingia na kutoka, ili aone kama majibu ni yaleyale. Yakitofautiana hata kwa chupa moja, alikirudisha kila kitu kama kilivyokuwa na kungoja siku nyingine ya kufunga. Katika Kwaresima, ambapo kufunga ni kila siku, alikwenda kwa kasi, na wenzake walisema ofisini kwao Pasaka ilikuwa ikimhuzunisha mtu mmoja.

Hatutaficha kwamba miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya bure, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuificha. Alilikata Endesha kwa urefu, kama mtu anayekata kitambaa, kila baada ya mistari ishirini, na kwa kuwa vipande havikuwa na maana yake vyenyewe, akavipa majina ya Sehemu ya Kwanza, Sehemu ya Pili, Endelea, Endelea Tena, Malizia. Alipokwisha alizichapa karatasi akampelekea Sista Zenebech Abate, msimamizi wa akiba ya damu katika hospitali ileile alikofia Yeshihareg, mwanamke asiyejua lolote la programu lakini anayeijua damu, akamwomba asome majina tu amwambie kinachofanyika.

Sista Zenebech alisoma, akainua miwani, akasema, “Woinshet, mwanangu, hii ni nyoka umemkata vipande kumi. Bado ni nyoka, tofauti ni kwamba sasa simwoni kichwa.”

“Lakini kila kipande ni kifupi, Sista.”

“Kifupi ni kifupi, kinafanya nini? Mimi nikitaka kujua chupa hii nimpe mgonjwa au nisimpe, niende Endelea, au niende Endelea Tena?”

Walicheka wote wawili, lakini njiani kurudi alilia, na dereva wa basi akamsogezea kiti cha mbele akidhani ana kichefuchefu. Wiki iliyofuata, Jumatano, alizitupa karatasi zote akaanza upya, na safari hii hakuhesabu mistari, alitafuta kila mahali ambapo Endesha lilikuwa likijiuliza swali moja, akalitoa swali hilo pamoja na jibu lake, akaliweka peke yake, na jina la fungu likawa swali lenyewe, kwa maneno anayoyasema muuguzi akiwa amesimama mbele ya friji. Hivyo likapatikana fungu lililoitwa Chupa Hii Imepimwa, na lingine Damu Hii Inamfaa Mgonjwa Huyu, na lingine Chupa Imebakiza Siku Ngapi, na lingine, lenye mistari minne tu, ambalo sasa kila mwenye kuhitaji hesabu hiyo alilazimika kuliuliza hilo na si lingine, Pagume Ina Siku Ngapi Mwaka Huu. Alipokuwa akilitengeneza hilo la mwisho alikuta kwamba siku za Pagume zilikuwa zimehesabiwa mahali patano, wala si pawili kama alivyodhani, na mahali pamoja kati ya hapo palikuwa bado na kosa, likisubiri. Alimpigia Bwana Lemessa simu nyumbani, akamwambia, “Lilikuwepo jingine.” Bwana Lemessa akasema, “Kuanzia kesho fanya kazi hiyo saa za ofisi.” Akamshukuru, akakubali, na bado kila Jumatano na Ijumaa alibaki mezani saa sita.

Kazi hiyo iliingia katika hospitali ya kwanza mwezi Tahsas 2009, na katika ya mwisho Ginbot 2012, na mistari elfu moja mia moja thelathini na saba ikawa mafungu themanini na manne, refu kuliko yote likiwa na mistari kumi na tisa, na Endesha lenyewe likabaki na mistari kumi na moja, ambayo Sista Zenebech aliisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini kama anayesoma barua ya mtoto wake, bila kusimama.

Lakini simu haikuacha kulia, na hili ndilo lililomsumbua. Mwaka 2010 ofisi ilikuwa imemwajiri kijana hodari, Habtewold Shiferaw, ambaye tunaomba asituchukie kwa kumtaja, kwa kuwa ameturuhusu, na Habtewold alikuwa na mdomo. Alipomwona Woinshet akikata na kupanga kila saa sita, alikuwa akisema mbele ya watu, “Dada Woinshet huyo na vitunguu vyake. Kitunguu kinakatwa, kinakatwa, mwaka wa ngapi huu, na kuku hajaingia chunguni.” Naye alikuwa akimjibu bila kuinua kichwa, “Wewe umezoea kula kwa watu, Habte, hujui mchuzi unaanzia wapi.” Tena kila kulipotokea tatizo hospitalini, badala ya kusoma, Habtewold alishika simu, kwa sababu kumuuliza Woinshet kulikuwa kwepesi kuliko kusoma, na yeye kwa huruma na kwa mazoea alijibu, na kila alipojibu, maneno ya Bwana Gizachew yalimrudia.

Tarehe 14 Yekatit 2014 alikwenda hospitali kwa maumivu ya mgongo, na baada ya vipimo vya wiki tatu akaambiwa ana saratani ya titi iliyokwishafika kwenye mifupa. Daktari hakumficha, naye hakuwaficha wa nyumbani, aliwakusanya baada ya kahawa, akasema kwamba atatibiwa na ataomba, lakini kwamba asiambiwe uongo na mtu yeyote. Binti yake Meaza aliacha shule akiwa darasa la nane ili akae naye, kwa sababu baba alikuwa kazini na kaka alikuwa katika mtihani, na marehemu alilipinga jambo hilo kwa maneno makali, kisha akalikubali kwa sharti kwamba watasoma pamoja kila siku. Vidole vyake vilipokufa ganzi kwa dawa, Meaza ndiye aliyeandika na mama ndiye aliyesema, na wakapitia tena mafungu yote themanini na manne, na kila ambalo Meaza, asiye na elimu hiyo, alishindwa kueleza kazi yake kwa kusikia jina lake tu, walilitafutia jina jingine. Ishirini na mawili yalibadilishwa. Siku moja Meaza alimuuliza, “Mama, kompyuta si inaelewa tu hata likiitwa X?” Akamjibu, “Kompyuta ndiyo. Kwani nani anaandikia kompyuta?”

Aliweka pia sheria mpya kwa Habtewold, kwamba anaruhusiwa kupiga simu saa yoyote, lakini kabla ya swali lolote ataje jina la fungu alilolisoma. Habtewold alipiga mara ya kwanza, akaulizwa, “Umesoma lipi?” akasema, “Dada, si uniambie tu, hospitali wanasubiri,” naye akakata simu. Alipiga tena baada ya dakika kumi akiwa amekasirika, “Nimesoma Chupa Imebakiza Siku Ngapi, na sasa nimeshaona mwenyewe, asante.” Baada ya hapo alinuna mwezi mzima. Wengine ofisini walimwona Woinshet kuwa amekuwa mkali kwa sababu ya ugonjwa, na Bwana Lemessa alikuja nyumbani kumwombea Habtewold msamaha, akaambiwa, “Simwadhibu, Lemessa. Nina mwaka mmoja, labda pungufu. Pagume ya siku sita inakuja, na mimi sitaki nihitajike.”

Kuanzia Hamle 2015 hakuweza tena kusimama. Aliomba kitanda kihamishiwe sebuleni, karibu na dirisha, na simu iwekwe karibu na mto wake wa kulalia, na tarehe 6 Pagume 2015, siku ya Jumatatu, alikataa dawa ya asubuhi ya kutuliza maumivu kwa kuwa ilikuwa ikimlaza, akasema ataimeza jioni. Majirani walikuja kumtazama na kumpa heri ya mwaka, watoto walikuwa wakifunga kuni za mienge ya sikukuu uani, naye aliwajibu wote kwa upole lakini jicho lake lilikuwa kwenye simu, na kila ilipokaa kimya kwa saa nzima alikuwa akimwambia Meaza aangalie kama ina chaji. Saa sita hakula, ingawa haikuwa siku ya kufunga.

Saa moja jioni, mienge ilipokuwa inawashwa, Habtewold alibisha hodi akiwa na mkate wa sikukuu, akaketi kwenye kigoda, akauliza hali. Woinshet hakumjibu hali, alimuuliza, “Leo kimya? Hospitali zote?”

“Si kimya,” Habtewold akasema. “Saa nne Sista Zenebech alipiga. Wameletewa chupa za aina mpya, zina dawa nyingine ndani, zinakaa siku arobaini na mbili. Programu haiijui aina hiyo, ikawa inazikataa, inasema zimeisha muda. Chupa ishirini na tatu, na mkesha wa sikukuu, unajua ajali za barabarani zinavyokuwa.”

“Ukafanyaje?”

“Nikafungua Endesha, nikashuka mpaka Chupa Imebakiza Siku Ngapi, nikaona lenyewe linauliza Damu Hii Hukaa Siku Ngapi. Nikaingia humo. Mistari saba. Nikaongeza aina mpya, nikapitisha kwenye madaftari yako yote, majibu yakawa yaleyale, nikamsomea Sista kwa simu, akasema ndivyo. Dakika arobaini hivi.”

“Na Pagume?”

“Nililifungua kuliangalia. Limesema sita.”

Woinshet akasema, “Mbona hukunipigia?”

Habtewold aliuweka mkate juu ya meza, akasema, “Sikuwa na la kuuliza, dada.”

Mwalimu Kifle anasema kwamba mkewe aligeuza uso dirishani, akaomba dawa yake, na usiku ule alilala bila kuamka, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miezi. Asubuhi ya Mwaka Mpya alimwagiza Abenezer ampigie Bwana Gizachew, na kwa sauti ndogo, simu ikiwa imeshikwa sikioni mwake, akamwambia kwamba yupo mtu mwingine anayepajua, na kwamba amemsikia kwa masikio yake. Bwana Gizachew alimjibu maneno machache ambayo marehemu hakuyasimulia na sisi hatukumuuliza, na mwana wa Yeshihareg, mwenye miaka kumi na miwili tangu asubuhi hiyo, akamtakia heri ya mwaka.

Woinshet Beyene alifariki nyumbani kwake Kotebe, siku ya Alhamisi tarehe 10 Meskerem 2016, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake. Ameacha mama, mume, watoto wawili, ndugu wanne, na mafungu themanini na manne ambayo leo hii, wakati sisi tumesimama hapa, yanatumika katika hospitali kumi na mbili na watu wasiojua jina lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa miezi kumi na tisa na kumwambia ukweli alipouomba, inamshukuru Sista Zenebech Abate aliyesafiri usiku ili awepo, majirani waliopokezana kupika na kukesha, wazee wa chama cha mazishi kwa hema, viti na vyungu vilivyofika kabla hatujaomba, Bwana Lemessa Gudeta na ofisi nzima, na Habtewold Shiferaw, ambaye ameomba asishukuriwe, na ambaye tunamshukuru hivyohivyo. Wapo tuliowasahau kwa sababu ya uchungu, na hao tunaomba watusamehe.

Mungu aipokee roho yake mahali alipo Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Mama Meaza, umemaliza kazi yako, pumzika kwa amani.